Paipu za breki zilizoliwa na kutu: gololi, kiraka, au kubadilisha zote?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninakaa Raskazone, Tanga, na ninaendesha Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998. Mwezi uliopita nilishuka salama kutoka Lushoto, lakini nilipofika Mombo pedali ya breki ilizama karibu na sakafu na taa nyekundu ikawaka. Fundi wa pale alikuta paipu inayokwenda gurudumu la nyuma kushoto imetobolewa na kutu nyuma ya tangi la mafuta. Aliikata, akaiziba kwa gololi, nikafika nyumbani. Fundi wangu wa Tanga anataka kuunga kipande cha paipu ya shaba ya friji, na paipu zilizobaki azipake oili chafu ili kutu isiendelee. Mwingine anasema gololi iachwe tu, kwa kuwa gari linasimama vizuri. Nifuate lipi, na je, ni lazima nibadilishe zote?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Liegeshe gari hilo leo, na lisitoke tena barabarani hadi kazi ikamilike. Gololi itolewe, shaba ya friji isiingie, oili chafu isipakwe, na paipu zote za chuma zinazopita chini ya sakafu kwenda nyuma zibadilishwe kwa mkupuo mmoja kuanzia nati hadi nati. Paipu fupi za mbele, zile za chini ya boneti, zinaweza kubaki iwapo zitakaguliwa kwa namna nitakayoeleza na kuonekana nzima. Sababu zake nitazieleza kwa urefu, kwa kuwa utazihitaji utakaposimama mbele ya fundi anayekuhakikishia kwamba kiraka kinatosha.

Paipu ya breki ya gari kama lako ni kitu chembamba kuliko wengi wanavyodhani. Upana wake kwa nje ni milimita 4.75, na ukuta wake wa chuma una unene wa milimita 0.7 hivi tu. Kiwandani hutengenezwa kwa utepe wa chuma uliokunjwa mara mbili na kuunganishwa kwa shaba iliyoyeyushwa, kisha hupakwa tabaka la kinga kwa nje. Ndani ya ukuta huo mwembamba, unapokanyaga breki ya ghafla, oili ya breki husukumwa kwa shinikizo linaloweza kufika bar 100 na hata kupita hapo, yaani karibu psi 1,450. Tairi lako unalijaza upepo wa psi 30 na kidogo. Kwa hiyo paipu hiyo nyembamba hubeba mara 40 na zaidi ya kile kinachobebwa na tairi, na huibeba katika ile nukta ambayo huna muda wa kufikiria jambo jingine. Ukikanyaga polepole mtaani shinikizo huwa dogo, ndiyo maana paipu iliyokwisha huweza kuvumilia miezi kadhaa ya safari za sokoni na kukuangusha siku mtoto anapokatiza barabara mbele yako.

Kutu haili paipu kwa usawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Huanzia mahali ambapo tabaka la kinga limekwaruzwa na kokoto, au mahali ambapo mchanga, tope na unyevu hukaa bila kukauka: chini ya vibanio vinavyoshikilia paipu kwenye bodi, juu ya tangi la mafuta, ndani ya matao ya magurudumu ya nyuma, na pale paipu inapokutana na mpira wa breki, yaani bomba laini la mpira linaloingia gurudumuni. Kibanio ni mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu maji yenye chumvi huingia katika upenyo mwembamba kati ya kibanio na paipu, na jua haliufikii. Kutu inapochimba, mabaki yake huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo paipu huvimba na kuota magamba, na macho yasiyozoea huiona nene kumbe ndani yake ukuta umebaki mithili ya karatasi. Paipu iliyonenepa kwa kutu ndiyo iliyokonda.

Wewe unaishi karibu na bahari, na hilo linatosha kueleza sehemu kubwa ya tatizo lako, kwa maana chumvi ya upepo wa pwani hutua kwenye chuma na kuvuta unyevu hata siku isiyo na mvua. Hata hivyo, yawezekana kutu hiyo ilianza kabla gari halijaona Bahari ya Hindi. Magari mengi tunayonunua kutoka Japani yamewahi kuendeshwa katika maeneo ya theluji kama Hokkaido na Tohoku, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Ndiyo maana karatasi za mnada wa Japani huwa na herufi S kwa kutu na C kwa chuma kilicholika, na mnunuzi aliyezoea huzitafuta herufi hizo kabla ya kutazama rangi ya gari. Gari lililoanza maisha katika chumvi ya theluji na kuyaendeleza katika chumvi ya pwani lina paipu za kushukiwa kwa kila hali.

Sasa utaona kwa nini nakataa kiraka. Paipu yako ilitoboka nyuma ya tangi kwa sababu hapo ndipo palipotangulia kuisha. Urefu wake uliobaki umekaa katika chumvi ile ile kwa miaka ile ile, na jirani yake inayokwenda gurudumu la nyuma kulia imelala ubavuni mwake muda wote huo. Nilipokuwa kijana katika kazi hii niliunga paipu ya pikapu moja kwa kipande kizuri kabisa, nikatoa upepo, nikapima, nikamkabidhi mwenye gari kwa moyo mweupe. Wiki chache baadaye alirudi akiwa amevutwa kwa kamba: paipu ilikuwa imepasuka shibiri moja kutoka kwenye kiungo changu, chini ya kibanio nilichokuwa nimekirudishia bila kukitazama. Hakuumia mtu. Tangu siku hiyo sijaunga tena paipu yenye kutu, na mteja asiyekubali kubadilisha paipu nzima namwomba aende kwingine, ingawa najua namwudhi.

Kuhusu gololi, fundi wa Mombo simlaumu kwa kukufikisha nyumbani, ijapokuwa gari lililobebwa au kuvutwa lingekuwa salama zaidi. Ila ni vema uelewe unaendesha nini kwa sasa. Breki za Corolla 110 zimegawanywa katika njia mbili zinazopishana kama msalaba: gurudumu la mbele kulia limefungwa pamoja na la nyuma kushoto, na la mbele kushoto pamoja na la nyuma kulia. Mpangilio huo ndio uliokuokoa Mombo, kwa kuwa njia moja ilipomwaga oili, ya pili ilibaki na nusu ya breki. Gololi ilipoingia, gurudumu la mbele kulia lilirudishiwa nguvu, na kwa kuwa magurudumu ya mbele ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari, dereva huona linasimama vizuri mtaani. Gurudumu la nyuma kushoto, lakini, halina breki ya mguu kabisa. Barabara ikiwa na maji na ukikanyaga kwa nguvu, upande mmoja wa nyuma utashika na mwingine utaendelea kubingirika, na gari linaweza kugeuka. Kwenye mteremko mrefu kama ule wa Lushoto, mzigo uliopaswa kugawanywa kwa magurudumu manne hubebwa na matatu, na diski za mbele huchemka mapema zaidi.

Hayo yote mafundi wengi wanayajua. Jambo linalosahauliwa ni kwamba gololi haipunguzi shinikizo katika paipu iliyobaki nyuma yake. Kutoka masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedali, hadi pale ilipozibwa, oili bado inasukumwa kwa nguvu ile ile ndani ya chuma kile kile chenye kutu, kwa urefu wa mita mbili au tatu hivi chini ya miguu yako. Ikitoboka popote hapo, utarudi kwenye hali ya Mombo, na safari hii huenda ukawa katikati ya kona. Tena gololi haionekani kwa nje: ukiliuza gari hilo, au ukimwazima mdogo wako, hakuna atakayejua.

Oili chafu ina mashabiki wengi, nami naelewa kwa nini, kwa sababu haina gharama na chuma kilichopakwa oili hakipati kutu upesi. Kwenye paipu za breki, hata hivyo, ina madhara matatu. Hairudishi chuma kilicholiwa. Hufanya sehemu yote ya chini ionekane imelowa, hivyo siku paipu itakapoanza kuvuja, dalili ya kwanza, yaani unyevu, itakuwa imefichwa. Na oili ya injini huharibu mipira ya breki, ambayo imetengenezwa kuvumilia oili ya breki, wala si mafuta ya petroli na jamii yake. Mpira uliopakwa oili chafu huvimba na kulainika. Kwa sababu hiyo hiyo usikubali kamwe mtu akujazie oili ya haidroliki au ya usukani kwenye kikopo cha breki, hata kama mko porini, kwa kuwa mipira ya ndani ya masta silinda na ya kila gurudumu itavimba, na utalazimika kubadilisha mfumo mzima.

Huenda ukaona ninakuza mambo, basi nikupe kipimo kinachotumika kwingine. Nchini Uingereza, ambako chumvi ya barabarani ni ya kila mwaka, wakaguzi wa magari walielekezwa kukataa paipu iliyopoteza theluthi moja ya unene wa ukuta wake, ambayo kwa paipu ya kawaida ni milimita 0.25 hivi, yaani kama unene wa karatasi mbili au tatu za daftari. Marekani nako, Aprili 2015, mamlaka ya usalama wa barabarani, NHTSA, ilipofunga uchunguzi wake juu ya paipu za breki za pikapu na magari makubwa ya General Motors ya miaka ya 1999 hadi 2003, iliwatahadharisha wamiliki wote wa magari ya zamani katika majimbo ya chumvi: waoshe chini ya gari, wakague paipu za gari lililotimiza miaka 7, na wakikuta kutu inayobanduka magamba wabadilishe seti nzima. Gari lako limepita umri huo mara kadhaa.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji chombo cha gharama. Gari linyanyuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara, kamwe lisiachwe juu ya jeki pekee, kisha chini paoshwe kwa maji baridi na kukauka. Fundi afuate kila paipu kwa mkono kutoka masta silinda hadi gurudumu, afungue kila kibanio na kila kifuniko cha plastiki, na akwaruze kwa upole mahali penye rangi ya kutu. Wekundu wa juujuu unaofutika na kuacha chuma laini na cheupe unaweza kuvumiliwa kwenye paipu fupi ya mbele, mradi upakwe kinga na kutazamwa tena. Magamba, vishimo vinavyoshika ukucha, au paipu iliyovimba, hiyo imekwisha. Mafundi wengine huogopa kukwaruza wakisema paipu itatoboka. Paipu inayotoboka kwa kukwaruzwa na bisibisi imetoboka mahali pazuri, gari likiwa limesimama. Wakati huo huo azitazame paipu za petroli, maana katika magari mengi hupita bega kwa bega na za breki, zimeoza kwa pamoja, na kuzigusa kwa cheche au moto ni hatari kubwa.

Tuje kwenye shaba ya friji. Shaba tupu ni laini, haina kutu nyekundu, na hukunjika kwa mkono, ndiyo maana inavutia. Lakini mtetemo wa gari huigandisha na kuifanya ngumu kidogo kidogo hadi inapata ufa, hasa karibu na nati, na paipu ya friji haikutengenezwa wala kupimwa kwa shinikizo la breki. Unachohitaji ni paipu iliyotengenezwa kwa ajili ya breki, na kwa mtu wa pwani chaguo langu la kwanza ni paipu ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, yenye takriban asilimia 90 ya shaba na asilimia 10 ya nikeli na chembe za chuma. Volvo ilianza kuitumia kwenye magari yake mwaka 1976, na sifa yake kuu ni kwamba haiogopi chumvi. Madini ya jamii hiyo ndiyo hutumika kwenye mabomba ya maji ya bahari ndani ya meli. Hukunjika karibu kama shaba, lakini ina nguvu ya kubeba breki. Kwa macho inakaribia kufanana na shaba, ingawa imefifia na kuelekea rangi ya fedha, kwa hiyo nunua duka la spea linalojulikana na uhakikishe imeandikwa kuwa ni ya breki. Mara nyingi huuzwa kwa mzingo wa mita 7.6, ambao kwa gari dogo hutosha njia zote mbili za nyuma iwapo fundi atapima kabla ya kukata.

Ukiikosa, paipu mpya ya chuma yenye kinga ya plastiki ni mbadala mzuri, ila ni ngumu zaidi kuikunja na inahitaji uangalifu ili kinga yake isikwaruzwe. Paipu ya chuma kisichoshika kutu ni imara lakini mdomo wake ni mgumu mno kutengeneza kwa vifaa vya gereji ya kawaida, na usipokaa sawasawa utavuja. Ya mtumba kutoka kwenye gari lililokatwa usinunue. Ni rika la yako.

Mdomo wa paipu ndio mahali ambapo kazi nyingi huharibikia, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Paipu hufungwa kwenye nati kwa kutanuliwa mdomo mfano wa tarumbeta, na mdomo huo ndio unaozuia oili, wala si nyuzi za nati kama wengi wanavyodhani. Mafundi wa friji hutanua mara moja tu, na kwao hilo linatosha. Magari ya Kijapani, Corolla ikiwamo, yanahitaji mdomo uliokunjwa mara mbili, yaani ukingo unatanuliwa kisha unarudishwa ndani juu yake wenyewe ili kupata unene maradufu. Magari mengi ya Ulaya hutumia mdomo wa umbo jingine, uliofura kama kiputo, na mdomo wa aina moja hauwezi kuziba kwenye kiti cha aina nyingine hata ukikazwa hadi nati ivunjike. Mwombe fundi akuonyeshe chombo chake cha kutanulia midomo, na atengeneze mdomo mmoja wa mfano kwenye kipande cha kutupa. Uwe duara kamili, usioegemea upande, usio na ufa. Akikosa chombo hicho, peleka vipimo kwa mwenye nacho. Hakuna ustadi wa nyundo unaoweza kuchukua nafasi yake.

Paipu ikatwe kwa kikatio cha kuzungusha, sio kwa msumeno, kwa sababu chembe za msumeno huingia ndani na kukwaruza mipira ya silinda. Nati iingizwe kwenye paipu kabla ya kutanua mdomo. Nalisema hili kwa kuwa hata mikono iliyozoea husahau na kulazimika kukata upya. Na nati yenyewe iwe ya kipimo cha gari lako, ambacho kwa Toyota ya aina hii ni milimita 10 na hatua ya nyuzi, yaani umbali kutoka uzi hadi uzi, ya milimita 1. Madukani kuna paipu zilizokwisha kutengenezwa ambazo nati zake ni za kipimo cha Kimarekani cha inchi 3/8, chenye upana wa milimita 9.5 hivi na nyuzi zinazokaribiana sana na za Kijapani. Nati hiyo huingia kwenye tundu la Toyota na kuonekana imeshika, ilhali imeshika kwa ncha tu za nyuzi, na shinikizo kubwa linaweza kuing'oa. Ikiwa nati inaingia kwa ulegevu na kuchezacheza, irudishe dukani.

Kufungua nati za zamani kunahitaji subira. Zimwagiwe mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, na zifunguliwe kwa spana ya paipu, ile iliyo kama ringi iliyoachwa upenyo wa kupitishia paipu. Spana ya kawaida ya mdomo wazi hula kona za nati. Iwapo paipu inabadilishwa kwa vyovyote, ni busara kuikata karibu na nati na kutumia boksi kabisa. Mipira ya breki ya nyuma, kama ina nyufa au nati imeng'ang'ania, ibadilishwe wakati huo huo, kwa kuwa kazi ya kuifikia imekwisha kufanyika. Paipu mpya ipite njia ile ile ya zamani, mbali na ekzosi na kila kinachosogea, ishikwe kwa vibanio vyenye mpira au plastiki, na mikunjo iwe mipana bila kubonyea. Nati zikazwe kwa nyutoni-mita 15 hivi, ambayo ni nguvu ndogo ya mkono mmoja, kwani kukaza kupita kiasi hupasua mdomo uliotengenezwa kwa shida.

Kama fundi atasisitiza kuunga mahali fulani kwa kuwa paipu moja haiwezi kupita bila kushusha tangi, mwambie ashushe tangi. Kiungo chenye midomo iliyotanuliwa pande zote mbili kinakubalika kwenye paipu nzima isiyo na kutu, lakini kile cha mabomba ya maji, kinachobana paipu kwa kiringi, hakifai kwa breki. Mwongozo wa ukaguzi wa Uingereza umekitaja wazi kuwa hakikubaliki.

Oili iwe mpya, kutoka kwenye kopo lililofunguliwa siku hiyo. Tazama aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo cha gari lako, ambayo huwa DOT 3; DOT 4 inaweza kuchanganywa nayo, ila DOT 5 ya silikoni isiingizwe kabisa. Oili hizi hunyonya unyevu wa hewa: DOT 3 mpya huchemka kwa angalau nyuzi joto 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi joto 140, jambo la kuzingatiwa na mtu anayeshuka milima. Isimwagike kwenye rangi ya gari, kwani huibabua.

Wakati wa kutoa upepo, uanzwe kwa kawaida na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, isipokuwa kitabu cha gari kikielekeza vingine, na kikopo kisiruhusiwe kukauka hata mara moja, hasa kama gari lina ABS, ule mfumo wa kompyuta unaozuia magurudumu kujifunga, kwa kuwa upepo ukiingia humo ni shida kuutoa bila kompyuta. Weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Mpira wa masta silinda ya zamani umezoea kutembea sehemu moja tu ya silinda. Ukisukumwa hadi mwisho hupita kwenye sehemu yenye kutu na kuchanika. Pedali yako ilikwisha kuzama siku ile Mombo, kwa hiyo masta silinda ni ya kushukiwa hata kama ilikuwa nzima kabla.

Ili kuijua, kazi ikiisha washa injini, kanyaga pedali kwa nguvu zako zote na uishikilie kwa dakika moja, huku mtu mwingine akipapasa kila nati kwa karatasi kavu. Pedali ikishuka polepole chini ya mguu na karatasi zote zikabaki kavu, masta silinda inapitisha oili ndani kwa ndani na inahitaji kubadilishwa. Pedali ikisimama imara, jaribu gari kwa mwendo mdogo kwenye uwanja mtupu, ukikanyaga taratibu na baadaye kwa nguvu, na uone kama linavuta upande. Karatasi zipitishwe tena kwenye nati baada ya wiki moja.

Kwa siku zijazo, osha chini ya gari mara kwa mara, hasa baada ya kupita kwenye maji ya bahari au mchanga wa ufukweni, na uulize maji ya kuoshea yanatoka wapi. Sehemu nyingi za pwani huosha magari kwa maji ya kisima yenye chumvi, na kuosha kwa maji hayo ni kuipaka paipu kile unachokikimbia. Kila unapobadilisha oili ya injini, mwombe fundi amulike tochi kwenye matao ya nyuma na juu ya tangi. Na safari ya Lushoto iahirishe hadi karatasi za wiki hiyo ya kwanza zitoke kavu.